Pikipiki ikikatakata, pima chaji kabla ya kugusa injekta

Wenye pikipiki kubwa za safari za injekta (kifaa kinachopulizia mafuta kwenye injini), zile za zamani kama Honda VFR800 ya 1998: ikianza kukatakata barabarani, usikimbilie injekta. Pima betri kwanza. Injini ikiwa imezimwa utegemee kama volti 12.6, ukiiwasha na kuivutia mafuta hadi mizunguko 5,000 kwa dakika, iwe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, pampu ya mafuta inakosa nguvu na kompyuta ya injini inayumba.

Zima injini, ufuate nyaya tatu za njano zinazoingia kwenye regileta (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri), uchomoe soketi yake. Plastiki imegeuka kahawia au imeyeyuka? Umeme unapotelea hapo. Kata soketi, unga nyaya kwa risasi ya kulehemu. Kununua betri mpya tu ni kutupa hela, nayo itakufa vilevile.