SOMO: Siki ya maganda ya matunda (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila msimu wa matunda ukiingia nakuta swali lile lile: "Siki ya maganda mnatengenezaje?" Nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Kwanza jueni kwamba kazi ina awamu mbili. Katika awamu ya kwanza hamira inakula sukari, inatoa pombe na hewa ya kaboni. Katika ya pili bakteria wa siki wanaigeuza pombe ile kuwa asidi, na hao bila oksijeni hawafanyi kitu. Karibu makosa yote niliyoyaona humu yanatokana na mtu kuchanganya awamu hizi mbili.

Hatua ya 1. Kusanya maganda na makokwa ya matufaa, mapea, nanasi au zabibu. Osha kwa maji tu, bila sabuni, maana hamira unayoitaka imekaa juu ya ganda. Palipooza au kuota ukungu, kata utupe. Kama hayatoshi, yagandishe kwenye friza mpaka yatoshe.

Hatua ya 2. Jaza mtungi wa kioo wa mdomo mpana kwa maganda hadi theluthi mbili. Usitumie chombo cha alumini wala cha chuma, asidi itakila.

Hatua ya 3. Kwa kila lita moja ya maji weka sukari vijiko 5 vya chakula vilivyosawazishwa, yaani takriban gramu 60. Koroga iyeyuke, mimina. Maji ya bomba yenye klorini yachemshe na uyaache yapoe kabisa.

Hatua ya 4. Zamisha maganda kwa kisahani au kigae safi kizito. Koroga kila siku. Ganda linaloelea likakauka juu ndilo linaloota ukungu.

Hatua ya 5. KUFUNIKA. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu mara mbili.

Mara ya kwanza niliogopa vinzi vidogo vya matunda, nikafunga mtungi kwa mfuniko wake, nikaukaza kwa mikono miwili, nikauweka kabatini juu ya unga. Siku ya nne usiku nikasikia mlio nikadhani mtu amevunja dirisha. Hewa ya kaboni haikuwa na pa kutokea. Vipande vya kioo niliviokota kwenye unga, kwenye viungo, hadi kwenye viatu vilivyokuwa mlangoni. Unga wote nikamwaga, kwa sababu kioo kilichosagika huwezi kukichekecha ukawa na amani. Angekuwa mtoto amesimama pale, nisingekuwa naandika somo kwa raha hii.

Mara ya pili, kwa woga, nikaacha wazi kwa kipande cha shashi chenye matundu. Vinzi vikapita, vikataga, baada ya wiki nikakuta funza wanaogelea. Nikamwaga tena.

Kwa hiyo tumia kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kama cha shuka kuukuu, kikunjwe mara mbili, kifungwe shingoni kwa mpira au kamba imara. Hewa ipite, kinzi kisipite. USIFUNGE MFUNIKO. Wala "kidogo tu". Wala "usiku tu".

Hatua ya 6. Baada ya wiki moja hadi mbili povu hupungua na maganda huzama. Chuja. Makapi peleka kwenye mboji, uyachanganye na majani makavu yasinuke.

Hatua ya 7. Rudisha maji kwenye mtungi, kitambaa kile kile, mahali pa joto pasipo jua kali. Usikoroge tena. Msimu wa joto ni wiki 3 hadi 4, msimu wa baridi inaweza kufika miezi miwili. Ikitoa harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, bado haijakomaa. Iache iendelee kupata hewa.

Hatua ya 8. Ikishika ukali na harufu ya pombe ikiisha, tia kwenye chupa, jaza hadi shingoni. Sasa ndiyo unafunga.

Kwa usafi, changanya nusu siki nusu maji: vioo, sinki, rafu za jokofu. Isiguse marumaru ya jiwe halisi, italiacha na mabaka. Na KAMWE usiichanganye na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, hutoa gesi ya sumu. Chumba kidogo cha kuogea si mahali pa kujaribu hilo.

MASWALI

Mgeni Mpya: Somo zuri sana. Naomba vipimo vya sukari.

Mleta somo: Hatua ya 3.

Kijiko cha Mbao: Yangu imetoa kitu cheupe juu. Nimwage?

Mleta somo: Cheupe cha namna gani, dada? Kama ni utando mwembamba, mkavu, wenye mikunjo, ni hamira za juu tu. Uondoe kwa kijiko uendelee. Kama kina manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au ya waridi, ni ukungu. Mwaga chote, usijaribu kuokoa cha chini. Na kama ni kitu kizito kinachoteleza kama jeli, pongezi, huyo ni mama wa siki. Mtunze na siki kidogo, mtungi ujao ukishachujwa mtie humo. Utakwenda haraka zaidi.

Ufagio: Mimi huchanganya siki na baikaboneti kwenye chupa ya kupulizia. Inatoa povu, inafanya kazi vizuri kuliko hii yako.

Mleta somo: Povu ni asidi na baikaboneti zinauana, kaka. Likiisha umebaki na maji yenye chumvi kidogo. Sikukataza povu kwenye tundu la sinki, lakini ukifunga chupa hiyo rudi usome hatua ya 5.

Ufagio: Sijawahi kupasukiwa.

Mleta somo: Na mimi sikuwahi, hadi siku ya nne.

Shamba Dogo: Samahani kama swali ni refu. Naweza kuitumia kuhifadhia mboga kwenye mitungi? Na kwa nini iwe dhaifu kuliko ya dukani wakati inawasha ulimi vile vile?

Mleta somo: Swali kama hili ndilo ninaloandikia, wala usiombe radhi. Gramu 60 za sukari hutoa pombe gramu 30 hivi. Pombe hiyo ikigeuka yote, unapata asidi gramu 40 hivi kwa lita, yaani asilimia 4. Lakini haigeuki yote, nyingine hupaa, kwa hiyo kwa kawaida unabaki chini ya hapo. Mapishi ya kuhifadhi mboga yamepimwa kwa siki ya asilimia 5, na ulimi si kipimo. Asidi isipotosha, bakteria wa botulizimu wanaweza kukua ndani ya mtungi uliofungwa, na sumu yao haina lazima ya kunuka. Kwa kuhifadhi nunua siki iliyoandikwa kiwango. Hii yako ni ya kachumbari ya kula leo, na ya usafi.

Shamba Dogo: Nimeelewa. Kumbe bakteria hawa walijulikana lini?

Mleta somo: Louis Pasteur aliandika juu ya uchachu wa siki mwaka 1864, akaonyesha kwamba ni viumbe hai wanaofanya kazi. Watu walikuwa wanatengeneza siki maelfu ya miaka kabla yake bila kujua nani anawafanyia.

Mgeni Mpya: Maganda ya machungwa yanafaa?

Mleta somo: Kuanzia mwanzo, hapana, mafuta yake huizuia hamira. Yaloweke kwenye siki iliyokwisha kuwa tayari, wiki mbili, uchuje. Harufu ya kufanyia usafi inakuwa nzuri sana.

Kijiko cha Mbao: Vinzi vimeshajaa jikoni nikisubiri. Nifanyeje?

Shamba Dogo: Siki kidogo kwenye kikombe na tone la sabuni ya vyombo. Vinakuja kwa harufu, sabuni inalegeza uso wa maji, vinazama.

Mleta somo: Kweli. Weka mbali na mtungi, usiviite pale pale.

Ufagio: Haya, na ule utandu mweupe wa birika? Baikaboneti haijautoa.

Mleta somo: Haiwezi. Utandu ule ni chokaa ya maji, unahitaji asidi. Siki nusu, maji nusu, chemsha, zima, acha nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili. Birika likiwa la alumini, acha.

Ufagio: Umetoka. Kifuniko cha birika nilikiacha wazi, usiulize.