Darasa la mazoezi kwa waliougua moyo: usilipue mwanzo na mwisho

Wanaoanzisha darasa la mtaani kwa watu waliopata shambulio la moyo au waliopasuliwa kifua hupanga sana mazoezi ya katikati. Kinacholipuliwa ni mwanzo na mwisho, na hapo ndipo watu hubanwa kifua au kuanguka.

Kila mmoja alete barua ya daktari yenye ugonjwa, matibabu na dawa zake. Aliyepasuliwa asinyanyue kizito mpaka mfupa wa kifua uunge, kwa kawaida wiki 12 hivi. Mlangoni pima presha na mapigo. Mwenye 180/100 kwenda juu, mapigo zaidi ya 100 akiwa ametulia, homa, au miguu iliyovimba kuliko kawaida, leo hafanyi. Anayetumia insulini aulizwe kama amekula, na soda ya sukari iwe karibu.

Kupasha mwili ni dakika 15 kamili: kutembea, kuzungusha mabega, kuinua magoti, kasi ikipanda kidogo kidogo. Mishipa ya moyo iliyosinyaa huchelewa kupanuka. Ukiharakisha, mtu atashika kifua dakika ya tatu nawe utadhani zoezi ni gumu.

Kisha dakika 20 hadi 30 za vituo, dakika mbili kila kimoja: kupanda na kushuka ngazi moja, kuinuka kitini, kukunja mikono na chupa za maji za nusu lita. Usipange vituo viwili mfululizo vya mikono juu ya kichwa, maana hupandisha presha. Wahesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Mapigo yatakudanganya kwa wanaomeza atenolol au bisoprolol, kwani dawa hizo huuzuia moyo kwenda mbio hata mtu akichoka. Tumia kipimo cha Borg, ambapo mtu mwenyewe hutaja uchovu wake kwa namba kuanzia 6 hadi 20, wabaki kati ya 11 na 14. Au mtu aweze kusema sentensi nzima lakini ashindwe kuimba. Mchunge mchezaji mpira wa zamani: huyo hushindana hata na kiti.

Kupoza mwili, dakika 10. Mtu akiacha zoezi ghafla, damu hubaki miguuni, presha hushuka, na dawa zake huzidisha kizunguzungu. Hata wakinyoosha misuli, miguu iendelee kusogea. Halafu asiondoke mtu kwa dakika 15. Chai na gumzo ni vya wakati huu.

Kifua kikiuma, aketi na aweke chini ya ulimi kidonge cha maumivu ya moyo (nitrati) alichoandikiwa, isipokuwa kama ametumia dawa ya nguvu za kiume ndani ya siku mbili. Baada ya dakika 5 arudie mara moja. Dakika 5 nyingine zikipita bila nafuu, hospitali. Akizimia na hapumui, bonyeza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mwenzako akiita gari. Namba ya dereva iwe imebandikwa ukutani tangu siku ya kwanza.