Seva ya Minecraft nyumbani: anza na anwani ya ruta
Kabla hujahangaika kufungua poti 25565 (mlango wa mtandao unaotumiwa na mchezo wa Minecraft) ili wenzako waingie kwenye seva iliyo kwenye kompyuta yako, fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani ya IP ya upande wa intaneti. Ikianza na "10." (kumi kisha nukta), au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, acha kwanza: mmerundikwa wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti utakayofungua haitafikika kutoka nje. Mimi nilikesha hadi adhana ya alfajiri ndipo nikang'amua. Omba anwani ya umma kwa mtoa huduma, au nyote mwekeni Tailscale, programu inayoziunganisha kompyuta zenu kama ziko kwenye mtandao mmoja. Na RAM usiimwage yote kwenye seva. Kwa kompyuta ya GB 16, GB 4 zinawatosha watu watano, nawe utacheza bila kukwamakwama.