Wiki ya mbunge wa upinzani wa Dar: kuitoa kero mtaani, kuifikisha Dodoma na kurudi na jibu

Mbunge wa upinzani hana kura za kupitisha bajeti wala za kuiangusha. Tangu uchaguzi wa 2020 wapinzani bungeni wamekuwa wachache mno kiasi cha kushindwa kuunda Kambi Rasmi ya Upinzani, kwa hiyo hana waziri kivuli wa kumsemea. Alichonacho ni haki ya kuuliza, na Serikali inawajibika kujibu. Jibu likishaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, limebaki. Wiki nzima ya mbunge na katibu wake ipangwe kulifuata jibu hilo, hasa katika mkutano wa bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni.

Jumamosi, jimboni

Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 ilimaliza kisingizio cha umbali. Ijumaa jioni unaondoka, usiku huohuo uko Dar. Asubuhi pokea watu ofisini, mchana nenda ukaone mwenyewe wanachokilalamikia. Ukitaka mkutano wa hadhara, taarifa ya maandishi imfikie mkuu wa polisi wa wilaya angalau saa 48 kabla, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Makubaliano ya simu hayatakusaidia siku hiyo ikifika.

Kila kero iingie kwenye daftari: tarehe, jina na simu ya mlalamikaji, mtaa, kata, halafu safu ambayo ofisi nyingi huiruka, yaani nani mwenye mamlaka. Maswali mengi hufia hapo. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za mitaani ni za TARURA, chini ya TAMISEMI. Maji safi na majitaka ni DAWASA, Wizara ya Maji. Taka, soko, zahanati na madarasa ya shule ya msingi vianzie halmashauri, na mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, akaseme huko kwanza. Ukipeleka Dodoma jambo ambalo Mkurugenzi wa manispaa angelimaliza kwa barua moja, umepoteza nafasi ya wapiga kura wako, na Waziri atakwambia hivyo mbele ya Bunge zima.

Maombi ya ada, matibabu na misiba yawe na daftari lake. Watu wana shida za kweli, wapokelewe kwa heshima na waelekezwe ustawi wa jamii, ila usiahidi usichonacho. Fedha za Mfuko wa Jimbo huingia akaunti ya halmashauri, na matumizi yake hupangwa na kamati ambayo mbunge ndiye mwenyekiti. Wananchi wengi huamini ziko mfukoni mwake. Bandika orodha ya miradi na kiasi cha kila mmoja kwenye ofisi za kata, uvumi utapungua.

Jumapili, kuandika swali

Hapa ndipo penye kazi. Tuseme kalavati la mtaa mmoja wa Goba limezolewa na masika, watoto wanavuka kwenye maji kwenda shule. Kabla hujaandika neno, kusanya barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa yenye muhuri, muhtasari wa kikao kilichojadili jambo hilo, picha zenye tarehe, na jina la barabara kama lilivyo kwenye orodha ya TARURA, maana wakazi huweza kuwa wanaiita kwa jina jingine. Ukikosea jina, jibu litahusu barabara nyingine na kalavati lako litabaki lilivyo. Mwenyekiti au mtendaji anaweza kusita kumwandikia barua mbunge wa upinzani. Usigombane naye. Mwombe kwa maandishi, mpe muda, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Hata ukimya wake sasa una ushahidi.

Swali baya ni hili: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha barabara za jimbo?" Umeshajua jibu: Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Swali zuri lina kitu kimoja, mahali pamoja na tarehe: "Je, ni lini Serikali itajenga upya kalavati la mtaa huo, na ni kiasi gani kimetengwa kwa kazi hiyo mwaka huu wa fedha?" Maswali ya msingi hupelekwa kwa Katibu wa Bunge mapema, kabla mkutano haujaanza, kwa hiyo kero za masika zisisubiri masika. Maeneo yanayofurika kila mwaka, kama bonde la Msimbazi, yanajulikana.

Maswali ya nyongeza ni mawili, na yatokane na jibu. Andaa njia mbili. Naibu Waziri akisema fedha hazijatengwa, uliza kwa nini, na dharura ya sasa itagharimiwa kutoka fungu lipi. Akisema barabara imo kwenye DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, uliza mkataba umesainiwa lini na mkandarasi anaingia lini eneo la kazi. Wabunge hupenda kumalizia kwa kumuuliza Naibu Waziri kama yuko tayari kuongozana nao kwenda jimboni. Atasema yuko tayari. Bila tarehe, hiyo ni nyongeza iliyotupwa.

Jumatatu hadi Alhamisi, Dodoma

Kikao huanza saa 3:00 asubuhi, na baada ya dua na hati za mezani yanafuata maswali. Kama hutakuwepo, mkabidhi mwenzako swali aulize kwa niaba yako, pamoja na karatasi ya nyongeza zako. Maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, siku ya Alhamisi, ni ya sera. Kalavati halina nafasi hapo, lakini utaratibu wa kugawa fedha za dharura baada ya mafuriko unayo.

Ukipata dakika za kuchangia, anza na hoja. Salamu na shukrani hula dakika mbili nzima, na kengele ya kwanza ikilia bado hujafika kwenye kata yako. Dakika tano ni karibu maneno 500, yaani hoja moja iliyoshiba. Kila takwimu iwe na karatasi yake mkononi: ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali), randama ya wizara (kitabu cha maelezo ya bajeti yake), barua. Ukitoa tuhuma usiyoweza kuithibitisha utatakiwa kufuta kauli, na kero ya watu wako itafunikwa na habari ya kufuta kauli. Ukikosa nafasi ya kusema, changia kwa maandishi.

Bajeti ya wizara ikifika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likiipitia fungu kwa fungu, unaweza kushika shilingi kwenye mshahara wa Waziri: unatoa hoja mshahara huo upunguzwe shilingi moja hadi upate maelezo. Kura huna, lakini utamlazimisha Waziri mwenyewe asimame aeleze. Chagua jambo moja la sera, na zungumza mapema na wabunge wa Dar wa chama tawala, kwa kuwa mafuriko hayachagui kadi ya chama. Mambo madogo, andika kimemo umpelekee Waziri palepale ukumbini. Mara nyingi hicho hufanya kazi haraka kuliko hotuba.

Hoja binafsi, ile inayoletwa na mbunge mwenyewe na si Serikali, ni silaha nzito, na inaweza kuondolewa kabla haijafika popote. Februari 2013 John Mnyika, wakati huo mbunge wa Ubungo, alipeleka hoja ya maji safi na majitaka ya Dar es Salaam. Iliondolewa na ukumbi ukavurugika. Ukiamua kuipeleka, hakikisha kila kipengele chake kimeshaulizwa pia kama swali la kawaida.

Ijumaa

Chukua ukurasa wa Hansard wenye jibu, toa nakala tatu: ya mwenyekiti wa mtaa, ya diwani, ya faili lako. Tarehe iliyoahidiwa na Waziri iingie kwenye daftari kwa wino mwekundu. Ikipita wiki mbili bila kazi kuanza, andika barua kwa Katibu Mkuu wa wizara, nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ukiambatanisha ukurasa huohuo.