Pima adapta kabla hujawasha Commodore 64

Ukibahatika kupata Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982, usikimbilie kuichomeka na adapta yake ya asili. Adapta hizo zikizeeka, volti 5 zake huweza kupanda kimyakimya, na chipu za memori zikaungua hata moshi hujauona. Chukua mita upime kwanza. Ikivuka 5.2, weka kando. Hata ikisoma vizuri, mimi siiamini, maana ikishapata moto mambo hubadilika. Tafuta mpya.

Wakati unasubiri, weka VICE kwenye laptopu. Ni emuleta ya bure, yaani programu inayoiga Commodore 64, na kwa kujifunza BASIC, lugha yake ya kuandikia programu, au kujaribu michezo inatosha kabisa. Ila zile kibodi nene za kahawia, hapo laptopu haioni ndani.