Kamera za mtego: kumjua kulungu kabla msimu haujafunguliwa

Nawinda kulungu kwa upinde hapa Wisconsin, jimbo la Marekani, kwenye shamba la mzee mmoja anayelima soya, nyuma yake kuna msitu wa mialoni. Msimu wa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba, lakini kamera zangu za mtego, zile zinazofungwa mtini na kupiga picha zenyewe mnyama akipita, huanza kazi Julai.

Julai picha hazina shida. Kulungu mkia mweupe huja jioni kula majani ya soya, na madume hutembea kikundi, pembe zao bado zimevikwa ngozi laini yenye manyoya. Funga kamera pale njia yao inapotoka msituni, kimo cha kiuno, ikitazama kaskazini. Jua likiipiga usoni, picha huharibika na sensa, ambayo huhisi joto linalotembea, hudanganyika. Ielekeze mshazari kufuata njia. Ukiielekeza kuikata njia, mnyama atapita upesi na utapata mkia tu. Kata nyasi na vitawi vyote vilivyo mbele, la sivyo upepo utakujazia kadi ya kumbukumbu picha za majani. Hakikisha saa na tarehe ni sahihi. Betri nunua za lithiamu, maana baridi ya huku huzidhoofisha za alkali upesi.

Kuangalia kadi, nenda mchana, umevaa buti za mpira, upepo usipeleke harufu yako kule wanakolala. Mvua ikikaribia ni bora zaidi, kwani itaosha harufu yako. Mtu anayeingia msituni kila Jumamosi kwa hamu ya picha anawafundisha kulungu kuhama.

Sasa shika hili kuliko yote: dume uliyempiga picha Julai huenda Novemba usimwone kabisa hapo. Mwanzoni mwa Septemba huambua ile ngozi ya pembe, kikundi huvunjika, na wengine huhamia upande mwingine. Wakati huohuo majani ya soya yanageuka manjano na matunda ya mwaloni yanaanza kuanguka. Kwa hiyo hamisha kamera. Tafuta mwaloni mweupe kwanza. Matunda yake si machungu kama ya mwekundu, na kulungu wanalijua hilo vizuri sana. Oktoba ihamishe tena, hadi pale madume wanapokwaruza ardhi chini ya tawi linaloning'inia, wakakojolea hapo na kusugua uso kwenye tawi. Kamera moja hapo itakuonyesha karibu kila dume wa eneo hilo, ingawa wengi hupita usiku.

Ndiyo maana mimi sihesabu picha, nasoma saa. Kwenye daftari naandika muda, alikotoka, na upepo wa siku hiyo ulivuma kutoka wapi. Picha moja ya saa kumi alasiri ina thamani kuliko ishirini za usiku wa manane.

Usiwavute kwa mahindi wala chumvi kabla ya kusoma sheria. Katika kaunti nyingi hapa ni marufuku, kwa sababu ya ugonjwa sugu wa kukonda (CWD), unaoua kulungu, uliogunduliwa Wisconsin mwaka 2002, ambao huenea wanyama wanapokutanisha midomo. Jimbo la Arizona limepiga marufuku hata kamera zenyewe kwa uwindaji tangu 2022.

Kiti chako cha mtini kifunge kwa kufuata zile picha za mchana, upande ambao upepo utakupuliza usoni, na ukifunge wiki kadhaa kabla ya siku ya kwanza.