Mgongano wa maslahi kazini: ufanyeje mwenye tenda akiwa shemejio

Lamu sote ni watu wa mitaa michache. Anayeomba kibali cha kukarabati nyumba Mkomani, mwenye boti ya kupeleka watumishi wa kaunti Faza, muuza mchele wa shule za chekechea: mmoja binamu, mwingine mkwe, wa tatu mlisoma naye chuo kimoja. Kuwa na jamaa si kosa. Kosa, ukiwa mtumishi wa umma, ni kukaa kimya na huku unaamua jambo lake. Ibara ya 75 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inagusa hilo, na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya maadili ya 2003, imelibana zaidi.

Maslahi si pesa tu. Deni unalodaiwa na mwombaji ni maslahi. Kazi aliyoahidiwa mwanao pia, na hata ugomvi wa mpaka wa shamba. Ukisitasita, jiulize: aliyekosa tenda akija kusikia barazani uhusiano wako na aliyepata, ataamini mlipima kwa haki? Kama hataamini, mwandikie mkubwa wako barua ya kujiondoa.

Iandike kabla bahasha za zabuni hazijafunguliwa. Ikija baada ya matokeo itasomeka kama utetezi. Mistari minne yatosha:

"Kuhusu zabuni ya usafiri wa boti, Mokowe hadi Faza: mmiliki wa boti mojawapo ni kaka wa mke wangu. Sina fungu katika boti hiyo. Naomba nisihusishwe na ufunguzi, tathmini, utoaji wa tenda, wala ukaguzi na malipo ya kazi hiyo."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo husahaulika. Mtu hujiondoa kwenye tathmini, kisha miezi mitatu baadaye anatia sahihi kwamba safari zote zilifanyika. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinamzuia mwenye mgongano kushiriki hata katika maamuzi yanayofuata mkataba. Chapisha nakala mbili: moja iingie kwenye faili ya zabuni, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ukae nayo. Kumnong'oneza mkubwa wako ukumbini si taarifa. Akihamishwa, anaondoka na ushahidi wako.

Siku ya kikao, ajenda hiyo ikifikiwa, toka nje. Kubaki kitini umefunga mdomo si kujiondoa, kwani wenzako wanakuona na wanajua unataka nini. Kumbukumbu za kikao zionyeshe jina lako, sababu, saa uliyotoka na saa uliyorudi. Zisome kabla hazijathibitishwa, maana makarani wengi huandika tu "wote walihudhuria". Na usimkabidhi jambo hilo mdogo wako wa kazi ambaye wewe ndiwe unayemwandikia tathmini ya mwaka. Mwachie mkubwa wako amteue mtu mwingine.

Zawadi zina utata wake. Sahani ya biriani ya Idi kutoka kwa jirani aliyekuwa akikuletea tangu hujaajiriwa haina neno. Mfuko wa samaki aina ya changu uliofungwa kwenye kitasa cha mlango wako, wiki ambayo faili ya aliyeuleta iko mezani kwako, ni habari nyingine. Jiulize angeuleta kama ungehamishiwa Witu kesho. Urudishe siku hiyo hiyo, mbele ya mtu. Ikishindikana, maana samaki hangoji, upeleke ofisini, mkubwa wako aamue uende wapi, kisha andika kwenye rejista ya zawadi tarehe, aliyetoa, kitu chenyewe, bei ya kukisia, na jambo alilo nalo ofisini kwenu.

Tamko la mali hujazwa ndani ya siku 30 za kuajiriwa, kila baada ya miaka miwili, na ndani ya siku 30 za kuacha kazi. Mali na madeni ya mume au mke, na ya watoto walio chini ya miaka 18, yanaingia. Kinachoachwa nje mara nyingi ni fungu la jahazi mlilochanga na ndugu, kiwanja kisicho na hati, na mkopo wa sako. Viandike vyote; kama hati hakuna, sema hakuna.

Mkubwa wako akikataa barua yako, au akikwambia uiondoe kwenye faili, andika siku hiyo hiyo alichosema, wapi, na nani alikuwepo. EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ina ofisi Malindi, na mtandao wake una njia ya kuripoti bila kutaja jina. Peleka nakala. Zilizo halisi ziache kwenye faili ya ofisi, maana ukizichukua wewe ndiwe utakayeulizwa.